Vifuniko Kumi na Sita

Kila kitu alikikata nusu. Ukimwomba dakika kumi za kumalizia swali, alikupa tano. Ukimwambia jana umesoma saa nne, alikuitikia vizuri tu, lakini usoni ulimwona anaandika mbili. Chapati ya mama wa kantini aliichana katikati, akala upande mmoja, na upande wa pili akaufunga kwenye karatasi ya mtihani wa zamani akauweka mfukoni. Sukari peke yake ndiyo iliyomshinda. Kikombe kimoja cha chai alitia vijiko vitano, vimejaa, na mtu akicheka alimjibu kwamba kichwa chake kinakunywa kuliko tumbo.

Sitamtaja jina. Sisi wenyewe hatukulitumia. Alikuwa Mwalimu tu, na pale shuleni kwetu, upande wa Naipingo, ukisema Mwalimu bila kuongeza neno kila mtu alijua humsemi wa Jiografia wala wa Kiswahili. Alitufundisha Fizikia, na Hisabati pia, kwa kuwa wa Hisabati hakuwepo. Alikotoka hakutuambia, nasi hatukuthubutu kuuliza. Ninachoweza kusema tangu mwanzo ni kwamba nilimdanganya mara mbili, kwa sentensi ileile, na kwa sentensi hiyo akapoteza kitu pekee alichokuwa akijivunia, yaani imani yake kwa hesabu zake. Nimekaa na sentensi hiyo miaka kumi na moja.

Alikuwa mwembamba, suruali ameifungia juu karibu na mbavu, na kwenye mfuko wa shati lake jeupe kulikuwa na doa jekundu la kalamu lililoshinda sabuni zote. Mfuko mwingine ulikuwa na kamba ya katani yenye mafundo, fundo moja kila mita. Alipima ubao, alipima mlango, alipima kivuli cha mlingoti wa bendera. Asubuhi moja, mkuu wa shule akihutubia mstarini, Mwalimu aliinama akapima kivuli cha mkuu mwenyewe. Tukaangua kicheko. Mkuu akanyamaza, akamgeukia, na Mwalimu akasema bila aibu yoyote, "Endelea, Mkuu, nimeshamaliza."

Fimbo hakuishika, na wengi wetu tungeona afadhali angeishika. Alikuita ubaoni, akakupa chaki, akasema, "Nionyeshe njia." Kama jibu lako lilikuwa sahihi lakini hujui ulilipataje, ulisimama pale mpaka kengele. Katika mitihani yake jibu lilikuwa na alama moja na njia ilikuwa na alama nne. Kuna kijana aliyepata jibu la kila swali kwa kunakili, akapewa tano kati ya ishirini na tano, na chini yake kwa wino mwekundu: "Umefika, lakini hukutembea." Yule kijana siku hizi ni fundi wa simu Nachingwea mjini na karatasi ile anayo mpaka leo.

Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, kama ilivyotakiwa. Mwalimu aliandika Kiingereza ubaoni, akasoma mara moja kwa sauti kubwa ili ofisini wasikie, kisha akafunga mlango na kutueleza kwa Kiswahili. Mtu yule aliyetutaka tuseme ukweli hata wa nukta ya desimali alimdanganya mkuu wa shule kila siku ya Mungu, kwa kufunga mlango. Hakuwa Mwislamu, lakini Ramadhani hakunywa chai mbele yetu. Aliivumilia mpaka jioni, na siku hizo alikuwa mkali kama pilipili kwa kukosa sukari yake. Tulimpenda kwa tahadhari, kama unavyopenda mbwa wa jirani.

Neno lililokuwa likimkera kuliko yote ni daraja. Sisi kila siku midomoni ilikuwa daraja la kwanza, daraja la pili, fulani kapata daraja la nne, fulani kapata sifuri. "Mnataka daraja," alisema, "mnataka daraja. La kupita au la kupitisha wenzenu?" Hatukumwelewa. Tulidhani ni maneno yake ya kutuchelewesha.

Ukaja mwaka nilipokuwa kidato cha tatu. Kati ya shule na kijiji cha pili kuna bonde la mpunga. Kiangazi unalivuka kwa mguu huku unapiga soga. Masika linajaa, maji yanasimama mpaka kifuani kwa miezi, na watoto wa ng'ambo wanalazimika kuzunguka kwa juu, njia ya saa mbili zaidi kwenda na saa mbili kurudi. Rafiki yangu Zuhura, niliyekaa naye dawati moja, alikuwa wa ng'ambo. Siku moja alifika kipindi cha nne, sare imeganda tope hadi kiunoni, akaomba radhi akakaa. Mwalimu akasitisha somo. Akamtazama Zuhura, akatazama dirishani upande wa bonde, akatoa kamba yake ya mafundo mfukoni akaiweka mezani.

"Leo nataka daraja," akasema. "La kuelea. Nani ananionyesha njia?"

Hivyo ndivyo tulivyoanza, wanafunzi kumi na wanane na mwalimu mmoja, bila hela. Tulichora mwaka mzima. Mwishowe tukakubaliana: madumu ya lita ishirini, yale ya njano ya mafuta ya kula, manane manane ndani ya fremu ya mianzi, juu yake chanja ya mianzi ya kukanyaga. Kila fremu tuliiita kipande. Vipande kumi na vitano, vimefungwa kimoja kwa kingine, na kamba mbili kutoka ukingo hadi ukingo. Kiangazi daraja lingelala chini kwenye majaruba, na masika lingeinuka lenyewe na maji. Mianzi tulikata wenyewe. Madumu tuliazima kwa kina mama wa vijiji vyote viwili, na kila mama alichora alama yake kwa msumari wa moto, huyu nyota, huyu herufi, ili siku ya siku lake lirudi kwake.

Kila kipande, Mwalimu alipiga hesabu, kingebeba kilo mia na ishirini baada ya kutoa uzito wa madumu yenyewe na mianzi iliyolowa. Akaandika mia na ishirini ubaoni, akaitazama, akaifuta, akaandika sitini. "Mtu mmoja, kipande kimoja," akasema. "Wa pili asubiri."

Ilibidi apate uzito wa watu. Akatupeleka kwenye ghala la chama cha msingi, kwenye mizani ya kupimia korosho, tukapanda mmoja mmoja kama magunia. Watu wa ng'ambo nao aliwaita. Bibi yake Zuhura alikataa katakata. Alikuwa mama wa Kimwera, Kiswahili chake cha sokoni, na hakuwa mtu wa kubembelezwa.

"Mwalimu, mizani hii inaibia korosho yangu kila mwaka," akasema. "Leo ndo iseme kweli kwa mimi?"

Mwalimu hakubishana naye. Alijaza dumu maji mbele ya macho yake hadi mdomoni, akalipandisha. Mshale ukasimama kwenye ishirini na moja. "Ishirini za maji, Bibi, na moja ya dumu lenyewe. Leo inasema kweli."

"Basi leo imeona aibu," Bibi akasema, akapanda. Kilo arobaini na saba. Mwalimu akaandika, na nikamsikia akimwuliza kwa heshima kama huwa anabeba kapu anapokuja sokoni.

Na Mwalimu huyuhuyu aliogopa maji. Hakujua kuogelea na hakutaka kujifunza. Tulipoanza kuunganisha vipande majini, alisimama ukingoni akatoa amri kutoka huko, viatu vikiwa vikavu, na kila maji yalipomfikia alirudi hatua moja. Tulimcheka hadharani. "Ninyi mnaogelea," alisema, "ndiyo maana hamuogopi, na asiyeogopa hapimi." Wazee walipotaka dua isomwe bondeni kabla ya kufungua, alikubali upesi, akavua kofia, na baada ya ubwabwa akamwuliza imamu ni watu wangapi wanategemewa kusimama juu ya daraja kwa pamoja.

Kila mwanafunzi alikuwa na kazi yake na jina la kazi yake. Kulikuwa na Kamba, kulikuwa na Mianzi, na mimi nilikuwa Vifuniko. Jina hilo lilinivimbisha kichwa. Kila kifuniko cha dumu kilitakiwa kuwekewa ndani duara la mpira, lililokatwa kwa mkasi kutoka kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, kisha kufungwa kwa nguvu za watu wawili. Madumu mia na ishirini, mipira mia na ishirini. Nilikata mpaka kidole gumba kikaota sugu.

Siku moja kabla ya ufunguzi, tyubu zilikwisha. Vilibaki vifuniko kumi na sita, vya vipande viwili vya mwisho upande wa ng'ambo. Fundi baiskeli wetu alikuwa amekwenda msibani, na kesho yake mgeni rasmi alikuwa anakuja. Nikafanya anachofanya kila mtu kwetu. Wakati huo mifuko ya nailoni ilikuwa haijapigwa marufuku, na mama yangu, kila alipofunga dumu la mafuta nyuma ya baiskeli ya baba, aliweka kipande cha nailoni juu ya mdomo wa dumu ndipo akakaza kifuniko. Baba alikwenda nalo Ruangwa kwa njia ya mashimo na hakumwaga tone. Nikaweka nailoni kwenye vyote kumi na sita. Na si kwamba sikujaribu. Nilijaza maji mawili kati yake, nikayapindua kichwa chini, nikasubiri. Hakuna tone lililotoka.

Jioni Mwalimu alipita akiwa na daftari. "Vifuniko, vyote vina mpira?"

"Vyote vina mpira, Mwalimu."

Akaweka alama ya vema. Aliyekagua hata kivuli cha mkuu wa shule hakukagua vifuniko vyangu, na mpaka leo sijui kama ni kwa sababu giza lilikuwa linaingia au kwa sababu alinipenda.

Sisi watu wa madumu tulijua sana kuzuia maji yasitoke. Kuzuia maji yasiingie hatukuwahi kuhitaji, na mimi sikuwaza kwamba ni mambo mawili. Dumu likishinda juani, hewa yake ya ndani inapata moto na kuvimba. Usiku maji ya bonde yakipoa, hewa inasinyaa na kuvuta. Mpira unabana. Nailoni ina mikunjo, na kwenye mikunjo dumu linakunywa, kidogo kidogo, kila usiku. Nafundisha jambo hili sasa, kidato cha kwanza, kwa sauti isiyotetemeka.

Ufunguzi ulikwenda vizuri. Mgeni rasmi alivuka, akageuka, akavuka tena, akapiga picha na Mwalimu aliyesimama nchi kavu. Zuhura alivuka asubuhi ile akiwa na soksi nyeupe, akafika darasani kabla ya kengele, akanyoosha miguu kwenye ujia ili kila mtu aone. Kwa siku tisa hakukuwa na mtoto wa ng'ambo aliyechelewa. Mwalimu alikaa ukingoni kila alfajiri akihesabu watu, mmoja kwa kila kipande, na tulisikia sauti yake hadi bwenini: "Wa pili asubiri!"

Siku ya tisa ilikuwa ya gulio. Bibi yake Zuhura alikuwa anatoka kwao kuja sokoni na kapu lake tupu. Alikuwa peke yake juu ya kipande, sheria haikuvunjwa. Kipande cha pili kutoka ng'ambo kilizama upande mmoja mbele ya macho yetu, kikamteremsha kama mtu anayemwaga pumba kwenye ungo. Kijana wa kazi ya Kamba alijitupa akamshika kwa khanga. Bibi alitoka hai, mkono umevunjika, macho yamemtoka. Na Mwalimu, asiyejua kuogelea, tulimkuta katikati ya bonde, maji kifuani, hajui alifikaje huko. Ndiye aliyeondoka na Bibi kwenda hospitali, na alilala huko.

Nyuma yake watu waliingiwa na hofu na hasira, wakalivunja daraja jioni ileile. Kina mama walichukua madumu yao kwa alama zao. Nilikuwa pale nikisaidia kubeba. Nilipoinua dumu la kipande kile lilikuwa zito. Nikafungua, likamwaga nusu ya maji. La pili, nusu. La tatu, zaidi ya nusu. Mama mwenye nyota yake alisimama pembeni akingoja, wala hakushangaa. Dumu kuwa na maji si habari. Nikamwaga yote kumi na sita, nikakusanya nailoni zote, nikazitia chooni. Kabla ya magharibi ushahidi wote ulikuwa umetawanyika jikoni kwa watu, umejaa mafuta na maji ya kunywa.

Mwalimu alirudi kesho yake, akakuta kamba mbili na mianzi. Alinitafuta. Nilikuwa nafua nyuma ya bweni. Nguo zake zilikuwa zilezile za jana, zimekaukia mwilini.

"Vifuniko. Nakuuliza tena, na sikuulizi kwa ugomvi. Vyote vilikuwa na mpira?"

Nilikuwa na miaka kumi na nane. Mtihani wa taifa ulikuwa mwaka uleule, na nilikuwa nataka daraja la kwanza kuliko nilivyotaka pepo. Nilijua msichana aliyefukuzwa kwa kosa dogo kuliko hilo.

"Vyote vina mpira, Mwalimu."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayekubali bei. "Basi ni mimi," akasema, akaenda zake.

Walikuja watu wawili wa wilayani wenye kofia ngumu, wakatazama bonde, wakachukua daftari lake la hesabu, wakalirudisha baada ya wiki na barua. Sikuisoma barua, lakini maneno yake yalienea: hesabu hazikuwa sahihi, na vitu vya kuelea marufuku. Kama ningesema jambo moja tu, tungekata mipira kumi na sita na daraja lingerudi majini. Nilinyamaza, na daraja likawa kosa la hesabu. Mwalimu akahamishiwa Kilimarondo, huko ambako tembo wanakula mahindi kabla ya mwenye shamba. Nilipata daraja la kwanza.

Baadaye, chuoni, nilisoma na kijana aliyefundishwa naye huko. Alimsifu. Alisema Mwalimu alikuwa akipima nyayo za tembo shambani kwa kamba yenye mafundo na kuwaambia wenye shamba ni tembo wangapi na wakubwa kiasi gani. Kisha akasema jambo lililoninyima usingizi. Kulikuwa na mada moja ambayo Mwalimu hakuifundisha, miaka yote. Walipofika kwenye kuelea na kuzama aliwaambia wafungue kitabu wasome wenyewe, akatoka nje.

Mimi sasa nafundisha Ruangwa. Nina kalamu nyekundu, na nawaambia watoto wa watu wanionyeshe njia. Kila nikisema hivyo nahisi nimevaa shati la wizi. Mara kadhaa nilianza kumwandikia barua, nikaikata nusu, nikaikata robo, nikaichana. Nilijiambia keshasahau. Watu waoga tuna uhodari huo, wa kuwasahaulisha wengine mambo yetu.

Zuhura ndiye aliyenivunja, bila kujua. Tulikutana mwezi uliopita sokoni Nachingwea, anauza mbaazi, mtoto mgongoni. Baada ya daraja kuondoka alizunguka masika ile mpaka akachoka, akaachia kidato cha nne bila mtihani na kuolewa. Tulikumbushana ya shule, tukacheka, tukamfikia Mwalimu.

"Yule alikuwa na roho nzuri, shoga yangu," akasema huku anapima mbaazi kwa kopo. "Ila hesabu zilimshinda. Bora walimhamisha, angeua mtu."

Nikasema, "Eeh." Nilisema eeh! Nikalipa mbaazi, nikaenda kukaa kwenye kibaraza cha duka. Usiku nikauliza huku na huku, nikaambiwa amestaafu, yuko Likunja, ana mikorosho.

Nilikwenda juzi, Alhamisi, kwa bodaboda, na kilo mbili za sukari. Nilimkuta uani anaanika korosho, amekonda zaidi, miwani imefungwa kisogoni kwa ukanda wa mpira mweusi. Nikautambua mpira ule. Ulikuwa tyubu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akanitazama sana. "Vifuniko," akasema.

Sukari aliipokea kwa mikono miwili, akacheka kidogo, akaniambia daktari ameikata. "Yote. Yeye si mtu wa nusu." Tukanywa chai kavu. Nikamweleza nafundisha nini na wapi, akafurahi hivi kwamba alisimama, akaingia ndani, akatoka na madaftari matatu yaliyokunjamana na kalamu nyekundu.

"Mungu kakuleta," akasema. "Huku sina mtu wa kunikagua. Nikague."

Yalikuwa ni daraja letu. Kurasa na kurasa, miaka kumi na moja, mwandiko unaanza kwa kunyooka na kuishia kutetemeka. Alikuwa akitafuta kosa lake. "Mianzi iliyolowa," akanieleza, kidole kwenye mstari. "Kwa kipande kimoja niliweka kilo thelathini na mbili. Labda ni arobaini. Nikiweka arobaini, Bibi anapita. Hamsini, anapita. Kuna mahali nimekosea na sipaoni. Niliwafundisha watu hesabu maisha yangu yote, na hesabu moja tu iliyobeba mtu ndiyo niliyokosea."

Nilisoma mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. Nilisoma kwa sababu nilikuwa naogopa kuinua kichwa.

"Hakuna kosa, Mwalimu."

"Usinionee huruma. Lilizama."

"Hakuna kosa." Nikaweka kalamu chini. "Vifuniko kumi na sita havikuwa na mpira. Nilikudanganya. Mara zote mbili."

Hakupiga kelele. Aliokota korosho moja, akaiweka chini tena. "Vilikuwa na nini?"

"Nailoni."

"Uliyakuta na maji?"

"Nusu. Mengine zaidi."

Akanisogezea daftari, ukurasa wa mwisho, mtupu. "Nionyeshe njia."

Nikaandika pale uani kama mwanafunzi: tyubu zilizokwisha, nailoni ya mama, majaribio yangu ya kupindua, siku tisa za jua, maji niliyomwaga, chooni. Alisoma mara mbili. Kisha akachukua kalamu na kupiga hesabu chini yake, midomo ikicheza. Madumu manane yaliyojaa nusu yanabeba themanini. Toa madumu yenyewe, nane. Toa mianzi, thelathini na mbili.

"Arobaini," akasema. "Bibi arobaini na saba. Zilizidi saba." Akaipigia mstari. "Zilizidi saba!" Na akacheka, kicheko kirefu ambacho sikukisikia miaka minne ya shule, mpaka miwani ikamteremka na machozi yakaonekana. Nami nikalia. Sijawahi kumpa mtu zawadi chungu kama ile.

Kicheko kikaisha. Akafunga kalamu. "Kwa hiyo ulijua jioni ileile."

"Nilijua."

"Na kuvibadilisha kungechukua siku moja."

"Siku moja, Mwalimu."

"Nusu siku," akasema. "Bonde bado linajaa?"

"Linajaa."

"Zuhura alimaliza?"

"Hakumaliza."

Nilitaka aniseme, anitukane, anifukuze, chochote. Mwishowe akayakusanya madaftari yote matatu, akayaweka mapajani na kuyashika kwa mikono miwili.

"Leo niache nifurahi," akasema. "Nilikuwa sahihi, nami nimelingojea sana neno hilo. Jumapili uje, na uje na Zuhura. Hasira yangu utaikuta Jumapili."

"Yote, Mwalimu?"

"Yote. Hiyo siikati."

Leo ni Jumamosi. Asubuhi nimempigia Zuhura simu, nikamwomba kesho tufuatane Likunja, nauli yangu. Akauliza tunakwenda kufanya nini. Nikamwambia tunakwenda kumsalimia Mwalimu tu. Nimekata simu, nimekaa kidogo kitandani, kisha nimempigia tena.